Vyungu Vizima vya Mama

Kitaluni, milimani Usambara

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeinama hapa nilipo kama ninavyoinama mlangoni kwako, ingawa hunioni. Umeamkaje huko? Goti lako la kushoto bado linakusumbua ukikaa chini kufinyanga? Na ziwa je, limetulia, au bado linamnyima mjomba samaki? Mimi mwili ni mzima. Kula ninakula, kulala ninalala, ila baridi ya huku ni ya kukufanya uvae blanketi mchana na usione haya.

Dada yangu Tumpe, wewe ndiye unayemsomea mama. Nakuomba usimpe mwalimu wa shule aisome barua hii, maana sauti yake ni ya kanisani na kijiji kizima kitasikia. Kaeni wawili tu. Na ukifika mahali pabaya, usiparuke.

Mama, nina aibu. Nalitanguliza neno hilo lisije likanikwama mbele.

Unamkumbuka Bwana, yule Mdachi mrefu niliyeondoka naye. Kijijini walimcheka sana, mtu mzima na ndevu zake kupanda milima ya Wakinga kutafuta maua yasiyoliwa. Sasa nimejua sababu. Kwao Ulaya, baba yake na kaka zake wanaotesha miche na kuiuza, kama babu yao alivyofanya, na mmoja wa ukoo hutumwa mbali kutafuta maua ambayo majirani zao hawana. Kumbe nao wana kazi ya ukoo, kama bibi alivyokufundisha wewe udongo, nawe ukamfundisha Tumpe. Na Bwana anamwogopa baba yake! Barua ya mzee ikifika, hagusi chakula mpaka amalize kuisoma.

Basi, alipokuagiza vile vyungu vidogo vya kusafirishia maua, kila kimoja na tundu chini, mimi ndiye niliyekuletea maneno yake, naye hakuuliza vitafinyangwa na nani. Niliyasema nikitazama miguu yangu. Ukaniuliza, mama wa Ikolo akija na mahindi yake akijaze vipi chungu kinachovuja? Kwetu bei ya chungu hupimwa kwa nafaka inayokijaza, na chenye tundu hakipimiki, ni cha kutupwa tu.

Siku ya kuvichukua nikavikuta vimepangwa kwenye nyasi, vimesuguliwa kwa kokoto mpaka vinang'aa, shingo nyekundu, mistari myeupe. Vizima vyote. Nikauliza tundu liko wapi.

"Mwanangu," ukasema, "chungu kibovu hakitoki mikononi mwangu. Mwambie nimesahau."

Nikasema ndiyo, mama. Na kweli nilifurahi, maana hata mimi sikutaka wapagazi wa Mwaya waone kazi yako imetoboka.

Bwana alikuwa na homa wakati ule, wanambeba kwenye machela, hivyo neno lako la kusahau halikumfikia, na kazi ya kuyapanda yale maua niliachiwa mimi. Ni maua madogo ya zambarau, yanamea kwenye miamba ya maporomoko, yanarushiwa maji kutwa kucha. Nikajiambia, kitu kinachoishi kwenye maporomoko kitaogopaje maji? Nikaweka mawe madogo chini kama nilivyoagizwa, nikaweka udongo, nikapanda. Njia nzima niliyamwagilia kwa moyo wote. Wapagazi walinitania kwamba nimeoa maua. Tulitembea mpaka kwenye gari moshi, tukashuka Dar es Salaam, tukapanda meli ya kwenda Tanga, na mimi ninamwagilia tu. Majani yalipoanza kuwa ya njano nilidhani ni kiu, nikaongeza maji.

Tulipofika hapa Bwana alikuwa amepona. Akakinyanyua chungu cha kwanza, akang'oa ua. Mizizi ilikuwa imeoza, inanuka kama mihogo iliyosahauliwa kwenye maji. Akakigeuza chungu, akatazama chini. Akachukua cha pili, cha tatu. Hakuna hata ua moja lililopona. Nikajua anamfikiria baba yake.

Akamwita mkewe, akamwonyesha, akacheka kicheko kibaya. Kisha akanigeukia akaniuliza, mjinga gani huyu aliyevifinyanga, unamjua?

Mama, nikasema, "Simjui, Bwana. Ni wanawake tu wa ziwani."

Tumpe, hapo ndipo mahali pabaya. Msomee mama tena kama hakusikia.

Sikupigwa wala sikutishwa. Niliulizwa tu, na ulimi wangu ukakukana kabla sijaufikiria. Mambo yangekuwa yameishia hapo, labda ningejisahaulisha, lakini Bwana aliniletea msumari na nyundo, akaniamuru nivitoboe vyote kwa ajili ya miche mingine. Nilikaa chini nikavitoboa vyungu vyako, mama. Vingine vilipasuka mkononi mwangu. Kuna mama mmoja wa Kisambaa anayemwagilia miche hapa, akasimama kunitazama. Akaokota kigae chenye mistari yako myeupe, akakifuta kwa kanga yake, akasema, "Mtu aliyefinyanga hiki ana subira. Wewe unakivunjia nini?" Nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Sasa sikiliza jambo linalonikosesha raha. Masika yakiisha, Bwana anarudi Ukinga kutafuta maua yale yale, na mimi nitakuwa naye. Alitaka kuchukua madebe ya Tanga, mimi nikamwambia vyungu vya kwetu ni bora, udongo wake unapumua, niachie niandike vitobolewe. Amekubali. Amesema atapita mwenyewe kumwona mfinyanzi. Na tukifika kwako utaniita mwanangu mbele yake, maana huwezi kuacha, na uongo wangu utajulikana.

Nakueleza yote, mama. Kabla ya barua hii niliandika nyingine. Ndani yake nilikuomba Bwana akija ujifanye hunijui, unisalimu kama mpita njia. Niliisoma mara moja, nikaichana, nikaitia motoni, na bado nahisi kama umeisoma.

Kwa hiyo ombi langu ni jingine, nalo pia linanitia haya. Finyanga tena, vidogo kama vile. Ila safari hii vitoboe, mama. Sasa nimejifunza kwamba mizizi ikikosa njia ya kutoa maji inakufa, hata ya ua la maporomoko. Tundu lile si ubovu, ndiyo kazi yenyewe ya chungu hicho. Usitumie kijiti. Toboa kwa kidole chako udongo ukiwa bado mbichi, nami nikikipokea chungu nitapitisha kidole changu hapo hapo. Wenzako wa Mwaya wakicheka, waambie wamcheke mwanao.

Mjomba msalimu, mwambie nyavu nilizoahidi sijazisahau. Shangazi anayekuchimbia udongo mpe pole ya mgongo. Mzee wa kanisa mwambieni naomba aniombee, asiulize kwa nini. Mwalimu naye msalimuni, barua msimwonyeshe. Na wewe Tumpe, ndaga, asante kwa kusoma mpaka hapa.

Mama, tukifika nitasimama uani kwako mbele ya Bwana na wapagazi wote, nimwambie kwa sauti kwamba yule mfinyanzi aliyemwita mjinga ni mama yangu mzazi, na kwamba mimi nilijua na nikasema simjui. Kisha atakugeukia wewe akuulize kama ni kweli mimi ni mwanao. Wakati huo jibu ni lako. Ukitaka kusema hunijui, sema. Nitavibeba vyungu vyako niende, na sitakulaumu.

Ni mimi, mtoto wa mfinyanzi,

Ambakisye