Ule Anasema Kosa Yake

Butembo, tarehe 10 mwezi wa pili 2025

Yaya Melchior, mukubwa wangu,

Jambo kwa ninyi bote pale Beni, mutaa wa Bungulu. Mama mukwe wako anaendelea namna gani na ile mugongo? Sisi tuko bazima, mais baridi inatuuma.

Unajua équipe yangu inatengeneza programu ya kuhesabia dawa za bituo bya afya. Sasa tumebadilisha namna ya kazi: mutu akimaliza, mwenzake anaangalia makosa mbele ya kazi kutoka. Patron akasema atapatia zawadi ule hatakutwa na kosa. Tangu pale batu banaficha makosa. Élysée na Delphin, bawili ba équipe yetu, habasalimiane tena. Wewe unaongoza kwaya, ungefanya nini?

Mudogo wako,
Kahongya

Beni, tarehe 19 mwezi wa pili

Mudogo wangu,

Tunakusalimia. Mama mukwe anatembea polepole. Masasi ya bunduki tu ndiyo inasikika upande wa mashamba.

Mwimbaji akikosea nikamuhaibisha, juma inayofuata anafungua kinywa bila kutoa sauti. Ule anasema mwenyewe “hapa nilikosea”, umushukuru mbele ya bote. Bataona haiko hatari.

Yaya wako,
Melchior

Butembo, tarehe 24 mwezi wa tatu

Yaya,

Wasingya, aksanti sana! Mugongo ya mama mukwe imepona? Patron alikataa kuondosha zawadi yake, mais sisi tulianza yetu: ule anasema kosa yake, tunamushukuru mbele ya bote. Delphin alisimama: “Dawa ya kinini tulihesabu mara mbili, ile kosa ni yangu.” Tulimupigia makofi. Élysée mwenyewe akaikala naye, bakatengeneza, banacheka. Nilirudi nyumba naimba.

Mudogo wako

Butembo, tarehe 2 mwezi wa ine

Yaya, unisamehe, salamu imenishinda.

Patron alisikia ile kosa ya kinini, akafukuza Delphin. Nilimwambia: “Ni mimi nilimuomba aseme.” Akajibu: “Basi umenisaidia kumujua.” Delphin alikusanya bitu yake, akanishika mukono. Afazali angenitukana.

Kahongya

Beni, tarehe 15 mwezi wa ine

Mudogo wangu,

Nilikuambia haiko hatari. Sasa shauri ingine sina. Tunakuombea tu.

Yaya wako

Butembo, tarehe 6 mwezi wa tano

Yaya,

Amani kwenu. Leo infirmière, muuguzi wa kituo kimoja njia ya Musienene alipiga simu: mashini inaonyesha serumu ya kutundikia mugonjwa iko, mais kabati haina kitu, na mugonjwa amelala mbele yake.

Niliuliza équipe: “Nani aligusa pale?” Bote bakainama kwa mashini zao. Élysée peke yake aliniangalia, machozi imejaa macho.

Sikuweza kumwambia aseme.

Mudogo wako,
Kahongya