Saini Kabla ya Tarehe Thelathini

Leicester, 2 Juni 2025
Mwaka wa hamsini na tatu tangu niondoke Tabora

Mwanangu Nasim,

Wa aleykum salaam, na marahaba. Mimi mzima, ila ngazi za nyumba hii naona zinaongezeka. Mama yako na presha yake vipi? Mwambie apunguze achari.

Umeniuliza swali la kazi, nami nitakujibu kikazi. Shirika lenu la zahanati lina kompyuta arobaini na moja, kutoka Puge hadi Urambo, zote zikitumia mfumo endeshi huria. Kamati inataka kuchagua chombo cha kuweka na kusasisha programu: kubaki na Mpagazi, niliyemwandika mimi, au kuhamia Apt, inayokuja na mfumo wenyewe.

Bakini na Mpagazi. Apt ni chombo kizuri, lakini kimezaliwa mahali ambapo intaneti haikatiki. Kifurushi kimoja cha programu kinadai cha pili, cha pili kinadai cha tatu. Mtandao wa Igalula ukikatika kwenye cha tatu, vyote havina kazi. Mpagazi anafunga kila kitu katika mzigo mmoja. Mnautia kwenye flashi, unapanda treni, unafika kamili. Ndivyo wapagazi wa misafara ya zamani walivyofunga mizigo pale Kwihara, na ndiyo maana nikampa jina hilo.

Baba yako mdogo,
Parvez


Tabora, 5 Juni 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Sisi wazima. Mama anasema mtu anayekula mkate mkavu Ulaya asimpangie achari.

Barua pepe yako niliisoma mbele ya Masolwa, fundi mwenzangu. Akacheka. "Mzee anajua kutetea mtoto wake! Sasa muulize hivi: kifurushi bila saini yake, mashine zinakikataa. Sawa, ni usalama. Saini anayo nani? Yeye peke yake, Uingereza. Akifa, sisi tuweke matanga mangapi?" Nikamwambia aache utani wake wa Kisukuma. Akasema, "Dada, huu si utani."

Ana haki. Vifurushi vya Apt vina watu wengi nyuma ya saini. Mmoja akiugua, mwingine yupo. Na mtandao si hoja tena. Masolwa amenakili vifurushi vyote tunavyohitaji, pamoja na vile vinavyodaiwa, kwenye diski moja. Ameijaribu Igalula bila intaneti, imefanya kazi.

Kuna lingine. Tumeukagua ufunguo wako wa saini, ile siri ya kompyuta unayosainia vifurushi. Unakwisha tarehe 30 mwezi huu. Baada ya hapo mashine zote hazitapokea chochote, hata kifurushi cha kumwondoa Mpagazi mwenyewe. Kwa nini tarehe hiyo? Na kwa nini hukutuambia?

Mwanao,
Nasim


Leicester, 9 Juni 2025

Nasim,

Marahaba. Mzima.

Ufunguo usio na mwisho ni hatari. Kila anayeijua kazi anaupa tarehe. Kuongeza muda ni amri ya mstari mmoja. Nitaiandika nitakapoona wakati umefika. Mwambie huyo Masolwa nilikuwa nasaini vifurushi kabla hajavuliwa nepi.

Baba yako mdogo


Tabora, 17 Juni 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini u mzima. Niruhusu niingie moja kwa moja.

Jana Koleta, muuguzi wa Igalula, alinipigia simu. "We Nasim, kompyuta yako inataka niue mtoto?" Mtoto wa kilo nane, programu yetu ya kupima dawa ikamwandikia dozi ya mtoto wa kilo kumi na nane. Koleta ana miaka ishirini kazini, hakuiamini. Wauguzi wengine ni wapya, wanaamini skrini.

Kosa ni letu, liliingia na toleo la Mei. Masolwa amelirekebisha. Kifurushi nimekutumia, kinangoja saini yako tu. Pamoja nacho kuna cha pili: kinamwondoa Mpagazi, kinaweka Apt, na funguo mbili, wangu na wa Masolwa. Kamati imeamua. Kama hicho kinakuudhi, saini cha kwanza. Leo, tafadhali.

Mwanao,
Nasim


Tabora, 24 Juni 2025

Shikamoo, Baba mdogo.

Siku saba sina jibu, na simu yako inaita tu. Jana nilikuwa Igalula, kesho Urambo. Kila zahanati ninayofika nazima programu, nabandika jedwali la dozi ukutani, wauguzi wanapiga hesabu kwa penseli. Puge nimewapigia mara nne, hawapatikani. Sijui huko wanaamini nini.

Zimebaki siku sita. Kama unaumwa, mtu aniambie. Kama umekasirika, nikasirikie mimi, si watoto wa Puge.

Nasim


Uwanja wa ndege, London, 26 Juni 2025

Mwanangu Nasim,

Marahaba zako zote, pamoja na zile nilizokunyima. Siumwi zaidi ya kawaida.

Vifurushi vyote viwili nimevisaini sasa hivi. Vipakue. Anza na Puge: mtume mtu na flashi kwa pikipiki, usingoje simu.

Ufunguo ule niliutengeneza mwaka 2015. Kompyuta iliniuliza: utumike hadi lini? Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hai. Nilikuwa nimemwambia, "Sajid, nipe miaka kumi nimalize mambo ya huku, nije tukae wote kwetu Isevya, hapo Tabora." Basi nikaandika 30 Juni 2025. Ufunguo utakaofuata, nilijiambia, nitautengenezea nyumbani. Yale niliyokuandikia kuhusu usalama ni kweli, lakini hayakuwa sababu.

Barua yako ya tarehe 17 niliisoma siku ileile. Ningeweza kusaini kabla chai haijapoa. Badala yake nikakata tiketi. Nilitaka kufika na kusaini mbele yenu, ili tarehe yangu isiwe uongo. Nafasi ya kwanza ilikuwa leo. Simu niliiacha iite kwa sababu ningesikia sauti yako, nisingeweza kunyamaza. Siku tisa watoto wamekaa na programu mbovu, ambayo niliisaini mwenyewe mwezi Mei bila kuifungua, ili mzee apate safari yake. Sina udhuru.

Hapa nimeisoma tena barua yako kuhusu Puge. Nikahesabu ndege hadi Dar, treni hadi Tabora: tarehe 28, kama hakuna kitakachochelewa. Nikafungua kompyuta magotini. Nikavisaini hapohapo.

Muda wa ufunguo sikuongeza. Uache uishe. Apt ni uamuzi sahihi, na ulikuwa sahihi tangu tarehe 5. Nilichokuwa natetea ni mkono wangu. Wewe na Masolwa msipande gari moja mkiwa na funguo zenu. Tafuteni na mtu wa tatu. Na kila atakayesaini aifungue programu kwanza, aijaribu kwa mtoto wa kilo nane.

Wametuita mara ya pili tupande ndege. Daktari wa moyo alinikataza kusafiri kwa ndege tangu Februari. Yeye nilimficha safari hii, na mama yako nilimficha katazo lake. Saini imeshafika huko bila mimi, basi nimemwambia dada wa mlango wa ndege ashushe mkoba wangu. Kuna basi la Leicester saa kumi.

Mama mwambie ukweli, usiupambe. Sitarudi Tabora.

Baba yako mdogo,
Parvez