Wimbo Niliowafundisha Darasa la Kwanza

Ofisi ya Kijiji cha Ujamaa Kwemhunda,
Misima, Handeni.
29 Juni, 1975

Mpendwa dada Yuditha,

Shikamoo. Natumaini huko Tunduru mnaamka salama, wewe, shemeji Mikaeli na mtoto Lea, ambaye nasikia ameota meno. Je, kifua cha shemeji kimepoa? Mimi kwa mwili sijambo. Mama nilimwona Magoma mwezi uliopita. Goti linamsumbua, ila bado analima.

Najua barua huchukua wiki mbili kukufikia, na jambo ninalokuandikia ni la Sabasaba, siku nane tu kutoka leo. Kwa hiyo huwezi kunisaidia. Nakuandikia kwa sababu hapa sina wa kumwambia.

Mwezi wa Mei mwalimu wa darasa la kwanza alikwenda kujifungua. Mwalimu Mkuu, Ndugu Lukasi, akanifuata ofisini akasema niwafundishe watoto wa darasa hilo muziki kila asubuhi, wapate wimbo wa kumwimbia mgeni wa Sabasaba kutoka wilayani. Nikamwambia mimi ni karani wa kijiji, sijui muziki.

"Wewe si Mlutheri? Umeimba kwaya."

Nikasema katika kwaya nilikuwa nagawa vitabu tu.

"Basi umekaa karibu na muziki kuliko sisi," akasema, akaenda zake.

Dada, wewe umefundisha wadogo kama hawa, utanicheka. Siku ya kwanza niliandika do, re, mi ubaoni, wakadhani ni majina ya watu. Nikatafuta makopo, tukatia punje za mahindi, wakatikisa kila mmoja kwa mwendo wake mpaka darasa la pili wakaja kulalamika. Kupiga makofi pamoja walishindwa. Wiki nzima nilirudi ofisini na kichwa kinauma.

Ndipo nikawaambia waimbe wimbo wowote ambao wote wanaujua. Wakatazamana. Kisha mtoto mmoja wa kike aitwaye Tatu akaanza, kwa Kizigua, na wote wakamfuata bila mmoja kupotea. Ulikuwa wimbo wa kuitikiana, wa polepole, na waliuimba kwa sauti ya chini sana. Sikujua maneno yake, unajua Kizigua changu ni cha kununulia mihogo tu. Niliona sauti ni nzuri. Nikayaondoa maneno yao, nikatia yangu ya Kiswahili: kijiji chetu kipya, shamba letu la pamoja, nyumba zetu katika mstari. Kwa siku tatu wakawa wameshika. Nikayapiga chapa maneno yangu, Mwenyekiti wa kijiji akagonga mhuri bila kuuliza yanaimbwa kwa sauti gani, nikapeleka wilayani pamoja na ratiba. Nilifurahi, dada, sikufichi.

Wiki iliyofuata akina mama waliokuwa wakitoka mtoni walisimama nje ya dirisha la darasa. Wakatua ndoo. Mmoja akaketi chini kabisa, kwenye vumbi. Nikadhani wamependezwa. Nikawaambia watoto warudie, safari hii kwa nguvu.

Jioni Mwenyekiti, Mzee Mhina, aliniita. Aliniambia kwamba mwaka jana, watu walipohamishiwa hapa kutoka mashambani kwao, kabla nyumba hazijaezekwa, surua iliingia. Mimi nimekuja Machi, sikuwa na habari. Wanaume wakibeba maiti ya mtoto kwenda makaburini, wanawake hubaki nyumbani, na huo ndio wimbo wanaouimba wakiwa wamebaki. Mwaka jana uliimbwa mara nyingi hata wadogo wakaushika.

"Ufute wimbo huo, karani," akasema.

"Nitaufutaje, mzee?"

"Kama unavyofuta barua."

Nimejaribu. Nimewafundisha mwingine, wanauanza vizuri, na wakifika katikati sauti zinarudi kulekule. Wanauimba wakienda mtoni, wanauimba wakifagia uwanja, na maneno yangu ndani yake. Na wilayani wamejibu kwamba mgeni ameyapenda maneno, na wimbo umewekwa wa pili katika ratiba. Mwenyekiti aliposoma barua hiyo alinirudishia niiweke kwenye jalada. Katibu wa mgeni ni Mzigua. Atausikia na kuuelewa. Watasema nimetumia watoto kukisema kijiji vibaya, na sahihi iliyo chini ya maneno yale ni yangu.

Alhamisi mama yake Tatu alikuja ofisini. Anaitwa Mwantumu, mdogo wake Tatu yuko makaburini. Ndiye aliyeketi kwenye vumbi. Nilisimama nikamwamkia, nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Usiwakataze watoto."

"Mwenyekiti ameagiza, mama."

"Mwenyekiti alikwenda makaburini. Sisi tulibaki na wimbo. Siku hiyo wakianza, sisi tutaitikia."

"Mtaitikia maneno gani?"

"Ya kwetu," akasema. "Wewe andika barua zako, baba."

Sijamwambia Mwenyekiti. Nikimwambia, wanawake wataitwa ofisini, na mwenye kuandika majina yao ni mimi. Nisipomwambia, siku ile itafika hivyohivyo. Nimekaa kimya, na sijui kama kimya changu ni cha kuwahurumia au ni cha woga tu. Ukishaisoma barua hii ichome, na mama usimwambie.

Msalimie shemeji, mbusu Lea, na umpe salamu ndugu yetu Hosiana ukimwandikia. Mungu awafunike na mkono wake, nanyi mnitaje katika sala, hata kama siku yenyewe itakuwa imepita. Nimewazoesha watoto wasianze wimbo mpaka niinue mkono, na wananitii sana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Simeo Ernesti