Chumvi kwa Ilunga

Siku ya Posho, 6 Machi

Nimefua, nimetwanga sombe, majani ya muhogo. Posho yenyewe, unga wa kila Jumamosi, kampani haitoi tena. Sombe iko, Mungu asifiwe. Mchana jirani Ilunga amemupiga muke wake Ngalula kofi, mbele ya batoto. Mi ndiye mama wa ndoa yao, nilisimama nao altareni. Nimekasirika sana. Kazi ya Ilunga imekufa, na vijana wanamucheka: amufukuze Ngalula, mutu wa Kasai, apande train kama wenzake wanaofukuzwa, waliojaa kwenye gare. Yeye hasira anaimalizia kwa muke.

Siku ya Yenga, 7 Machi

Kisha misa nimemwambia Ngalula: kwangu kitanda kiko. Amekataa. Anataka kubaki kwake, ila kofi zikome. Bamama wa mustari wetu wa nyumba tumekaa. Hapa Kapata mwanaume hapigi muke mbele ya mugeni, ni haya kubwa. Basi tutakuwa wageni. Sauti ikipanda tu, kila mama na kisahani chake, kuomba chumvi.

Siku ya Tatu, 10 Machi

Ee Yesu, nimecheka mpaka mbavu zinauma! Ilunga ameanza kelele saa ya bukari, ugali wa jioni.

"Hodi! Tata Ilunga, chumvi kidogo." Nimekaa. Nyuma yangu mama mwingine, na mwingine, mpaka viti vimeisha. Mama Yav, kikongwe bila meno, amekalia kiti cha Ilunga mwenyewe.

"Mustari muzima munapika nini leo?"

"Hata sijui, tata," Mama Yav amemujibu. "Unyamaze kwanza, ndio tupike."

Ngalula amecheka wa kwanza. Ilunga ameangalia chini.

"Bamama, munanipatisha haya."

"Bado," nimemwambia. "Kofi lingine, Ngalula na batoto wanahamia kwangu. Siku ya kurudi atasema yeye, si wewe."

Siku ya Tano, 12 Machi

Magharibi vijana wamepita. "Tata, muke wako gare!" Nimeogopa.

Ilunga amewajibu mlangoni: "Muke wangu haendi popote. Muende mukaoge!"

Aleluya! Nimecheza peke yangu jikoni. Lakini amerudi ndani uso unawaka. Nimeshika kisahani. Nasikiliza.

Siku ya Posho, 13 Machi

Jana sikutoka. Hodi ilinikuta mlangoni. Ilunga, na kisahani.

"Mama, chumvi."

Nilimupa kiti, nikamupa maji. Hasira ilipopoa akarudi kwake.

Leo kwao kimya, batoto wanacheza. Kisahani alikisahau. Nimekiosha, nimekiweka juu ya changu.