Vita Vyepesi kwa Gachau

Ruiru, Jumapili

Kaka Wekesa,

Huku hatujambo, ila mvua imeharibu barabara ya Kiuu na mama analalamika kwamba hupigi simu.

Uliniachia kazi ya kutuchagulia mchezo mpya wa vita, wa kutumiana amri za majeshi kwa barua pepe. Sisi sote ni wachezaji wa miaka mingi, lakini niliuacha ule mgumu tuliokuwa tumeuzungumzia, nikachagua mwepesi kabisa, wenye ramani ndogo na sheria chache. Niliwaambia wenzetu kwamba tumechoshwa na michezo mirefu. Ukweli ni kwamba nilimfikiria mwenzetu Gachau na kile kiharusi chake.

Jana nilienda kumwona kwake Thika. Nilimkuta mbele ya kompyuta, akiandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

"Nafuna," akasema polepole, "huu ni mchezo wa watoto. Mlinionea huruma?"

Nikasema hapana. Mkewe, Wanja, aliinama akawa anakunja nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari. Nikajua hata yeye hakuniamini.

"Kilichokufa ni mkono," Gachau akasema. "Leta ule mgumu. Nikishindwa, nishindwe kama nyinyi."

Kaka, sikujua niweke wapi uso wangu. Leo asubuhi nimewaandikia wote kwamba tunacheza ule mgumu. Gachau amekuwa wa kwanza kutuma amri zake, na ameanza kwa kuvamia mpaka wangu.

Tuma zako mapema, na tafadhali usimpunguzie. Mimi sithubutu tena.

Dadako mwenye haya,
Nafuna