Muulize Leseni Yake

Bladensburg, Maryland
Jumamosi, nguo zikiwa kwenye mashine

Dada yangu Anna,

Ugonile. Umeamkaje wewe, ameamkaje mama, na miguu yake inasemaje na baridi ya Uyole? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba wazee ninaowanyanyua kazini si wepesi. Wasalimie shangazi, wajomba na majirani wote, pamoja na yule jogoo wenu asiyejua saa, ambaye lazima awike kila nikipiga simu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu zetu unazijua. Mama hataki kuongea bila spika, na spika ikishafunguliwa jirani naye anavuta kigoda. Barua hii anakuletea Boniface, kijana wa Tukuyu ninayeimba naye kwaya, anakuja kuoa. Nimemwapisha aiweke mkononi mwako wewe, si kwa mama. Isome peke yako mpaka mwisho, halafu utaamua mwenyewe mama aambiwe nini.

Dada, mwaka jana kabla ya Pasaka nilikopa. Sikukopa benki, wala kwenye kikoba chetu cha akina mama hapa, maana kikoba kingeuliza pesa za nini na mimi sikutaka kuulizwa. Nilikopa kwenye simu, kwa kampuni ambayo sijawahi kuuona hata mlango wake. Ofisi yao iko jimbo jingine kabisa, huko magharibi. Nilikuwa kwenye basi natoka kazini Rockville, nikajaza maelezo yangu, nikabonyeza, na kesho yake pesa ikaingia. Nikajiona mjanja sana. Nilidhani mikopo ya kausha damu tumeiacha Mbeya, na kwamba huku kila anayekopesha amevaa tai na serikali inamjua.

Kabla ya kunipa walitaka jina na simu ya mtu anayenifahamu. Nikaandika Cherono bila hata kufikiri. Cherono nimeshakusimulia: Mkenya wa Kericho, tunafanya kazi pamoja, na anakaa ghorofa ya juu yangu. Ndiye aliyenivua kigauni changu cha Mbeya nilipofika wakati wa theluji, akanivika koti lake zito, akaniambia nisimrudishie. Tulikuwa tumepanga kuanza darasa la uuguzi pamoja, kila mmoja anaweka akiba yake kidogo kidogo, ili siku moja tuwape wazee dawa badala ya kuwabadilisha mashuka tu.

Basi, mambo yakaanza. Kila mshahara wangu ulipoingia, hao jamaa walikuwa wameshafika kwenye akaunti kabla yangu. Wanachota, wanaita ada ya kuongeza muda, na deni lenyewe limekaa palepale linanitazama. Nikaanza kula mayai ya kuchemsha mchana na jioni. Michango ya harusi na misiba nikawa naikwepa, mpaka Elisante, mweka hazina wa jumuiya yetu hapa, akasema mbele za watu kwamba Bupe siku hizi mkono wake umefungwa kwa kamba ya katani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Dada, iliniuma sana.

Utaniuliza kwa nini sikuwaambia hao watu sina. Ni kwa sababu ya Cherono. Wewe na mimi tumekulia mahali ambapo jina likiandikwa kwenye mkopo wa mtu, mwenye jina ndiye mdhamini, na mdhamini hana pa kukimbilia. Unakumbuka walivyobeba makochi ya mama Ferdinand kwa deni la mwenzake wa kikoba, naye akabaki ameketi kwenye ndoo? Mimi nilikuwa nayaona makochi ya Cherono. Kila nilipotaka kugoma, niliyaona yakishushwa ngazi, nikalipa. Akiba yangu ya darasa ikaenda yote, na sikumwambia.

Sasa sikia. Jumamosi moja tulikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, mimi na yeye, tunasubiri mashine. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nimefikiri, darasa nitaanza labda mwakani. Akasema hata yeye ameona asubiri kidogo, mwili umechoka. Nikashangaa, kwa sababu Cherono kuchoka ni kama mvua kukosa Tukuyu. Mara simu yake ikalia juu ya mashine. Nikaiangalia namba, nikaijua. Ilikuwa namba ya wale watu wangu wa mkopo.

Ndipo ikatoka yote. Walikuwa wamempigia tangu miezi ya nyuma, mpaka kazini, wakamwambia kwamba jina lake liko kwenye karatasi na nisipolipa lote atalipa yeye. Naye, Dada, akaamini, kwa sababu hata kwao Kericho mambo ni hayohayo. Akawa anawapa kidogo kidogo kutoka kwenye akiba yake, akanyamaza ili nisione haya. Yaani wawili tunakaa jengo moja, kila mmoja anamficha mwenzake, na wale wanakula huku na kule.

Usidhani tulikumbatiana. Cherono alikasirika, na alikuwa na haki. Aliniambia, “Bupe, uliandika jina yangu bila kuniambia? Hata message tu? Mimi hawa watu wamenicall mbele ya supervisor!” Akakusanya nguo zake zikiwa bado mbichi, akapanda nazo. Nilibaki pale nimeshika soksi. Ile aibu sijawahi kuipata, hata siku niliyofeli hesabu na baba akasimama kwenye mkutano wa wazazi kusoma matokeo yangu.

Hakuniongelesha tena mpaka kesho yake, Jumapili. Baada ya ibada akaja moja kwa moja mpaka kwenye gari la Elisante, akanivuta pembeni. Hakusalimia. Alisema, “Nimefikiria hii maneno usiku mzima. Kwetu hata mama mboga lazima akuwe na permit ya county. Askari wakimpata hana, wanabeba sukuma wiki yote. Sasa hawa watu wa simu, yao iko wapi?” Nilimtazama kama mjinga. Muda wote huo nimelia, nimelipa, nimekula mayai, na swali la leseni ambalo muuza mchicha anaulizwa kila siku sokoni Mwanjelwa sikuwahi kumuuliza mtu aliyekuwa na funguo za mshahara wangu.

Tukapanda kwake tukatafuta. Jimbo hili lina ofisi inayosimamia wakopeshaji, na wenye leseni wanajulikana, unaandika jina la kampuni unaona. Tuliandika jina lao kila namna. Hawakuwemo. Kesho yake tukaomba ruhusa kazini tukapiga simu, akapokea mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaeleza kwamba mkopo wa namna ile, akipewa mtu anayeishi Maryland na kampuni isiyo na leseni ya Maryland, hauna nguvu kisheria, na aliyeutoa hana haki ya kudai hata ule mtaji. Nikamwambia sawa, na rafiki yangu niliyemwandika je? Akasema rafiki hakusaini kitu, kwa hiyo hadaiwi kitu. Nikamuuliza tena, nikamuuliza tena, mpaka Cherono akaninyang’anya simu akauliza mwenyewe.

Hapo palinishinda kitu kimoja. Unamjua baba alivyokuwa: dawa ya deni ni kulipa. Nikamweleza yule mama kwamba sisi kwetu hatuli cha mtu, mtaji ningependa kurudisha. Akaniuliza nilichukua kiasi gani na wao wameshachota kiasi gani. Nikamsomea kutoka kwenye taarifa ya benki. Akajumlisha, kisha akasema hata kwa sheria ya baba yangu nilishamaliza kulipa zamani. Nikakaa kwenye kochi la Cherono, lile lile nililokuwa naliota likishuka ngazi, nikalia kwa hasira.

Kulia kuliisha, dada. Siku hiyohiyo nilikwenda benki nikawaambia hao watu wasiguse tena akaunti yangu, nikasaini kufuta ruhusa niliyowapa, na mshahara nikauhamishia akaunti mpya. Nikawaandikia wenyewe pia kwamba ruhusa imekwisha. Halafu tukapeleka malalamiko kwenye ile ofisi, mimi yangu na Cherono yake, pamoja na meseji zote za vitisho.

Walipokosa cha kuchota wakapiga. Tulikuwa jikoni kwa Cherono anasonga ugali. Mwanamume, sauti nzito, akasema polisi watakuja kunichukua kazini mbele ya wagonjwa, na uhamiaji wataarifiwa. Karatasi zangu ni kamili, lakini sikufichi, niliogopa. Nikashika meza nikamwomba namba ya leseni yake ya Maryland. Akasema wao wanafuata sheria ya jimbo lao. Nikamwambia mimi nilikopa nikiwa ndani ya basi la Maryland na nimekula mayai ya Maryland mwaka mzima, kwa hiyo namba ya leseni tafadhali. Akasema sina adabu. Nikamuuliza leseni. Akakata simu! Cherono aliangusha mwiko akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na ugali ukaungua. Tuliula hivyohivyo.

Tangu hapo hawajapiga. Ofisi iliwaandikia, na Cherono amerudishiwa pesa yake. Yangu wamerudisha sehemu, wakaandika kwamba wanafunga akaunti kwa hisani. Hisani! Nimewajibu kwamba hisani wawape mama zao, mimi nataka kilichobaki, na nitakifuata mpaka waniote. Darasa tutaanza wote wawili majani yakianza kupukutika. Koti amenikumbusha kwamba bado hajalidai.

Sasa, dada yangu, nimezunguka vya kutosha.

Hujaniuliza pesa ile nilikopa ya nini, lakini nadhani umeshaanza kuhisi. Ni zile nilizokutumia kukomboa cherehani zako walipozibeba wale wakopeshaji wa Mwanjelwa. Nilikwambia ni akiba yangu. Nilikudanganya. Nilikuwa nimeshakuzoesha kwamba Bupe yuko Marekani na Bupe hakosi, nikaona haya kusema nimekosa. Kausha damu wako nilimlipa kwa kausha damu wangu. Sikwambii ili unirudishie. Ukinitumia hata senti moja nitaichukulia kama tusi. Nakwambia ili kati yetu abaki mmoja tu mwenye siri, na huyo si mimi tena.

Kwa maana na wewe unayo, Anna. Zamani nikipiga simu nilikuwa nasikia cherehani nyuma ya sauti yako, mpaka nakuomba uache kwanza kukanyaga. Tangu mwezi wa pili sisikii kitu ila jogoo. Nilijiambia labda kazi ni chache. Lakini Jumapili iliyopita mama aliniuliza, kwa ile sauti yake ya kutotaka kusumbua, kwamba eti mtu akishaweka dole gumba kwenye karatasi ya mwanawe, wanaweza kuja kumtoa kwenye nyumba? Kabla sijajibu wewe ulizima spika ukasema mtandao ni mbovu. Mtandao haukuwa mbovu, dada. Nilisikia ulivyopumua.

Sikulaumu. Ningekulaumu kwa mdomo gani? Mimi niliandika jina la Cherono, wewe umekopa tena ukaandika la mama. Ila makochi ya Cherono yalikuwa ndoto yangu tu, na nyumba ya mama ni matofali aliyoyabeba baba kichwani. Kwa hiyo jikaze, ufanye ninachokwambia. Usiwape shilingi nyingine kwa hofu. Kadi yako ya benki kama wameishika, nenda benki uifunge, upewe nyingine. Chukua nakala ya karatasi yote waliyokusainisha, na ile yenye dole la mama. Halafu muulize huyo bwana anayekudai leseni yake. Hata kwetu mkopeshaji wa namna yake anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na anayo au hana, lazima kuna mahali pa kuuliza. Kama anayo, tutajua tunadaiwa nini hasa na tutalipa kihalali, mimi na wewe. Kama hana, usihangaike naye peke yako. Nenda kwenye msaada wa kisheria na hizo karatasi. Atasema kuuliza ni dharau. Mwambie mdogo wako aliuliza, na mwenye sauti nzito akakata simu.

Na mama mwambie, dada. Mwambie wewe kabla hajaambiwa na mtu mwenye kufuli. Cherono aliudhika zaidi kwa kufichwa kuliko kwa pesa, na mama hana tofauti.

Boniface amebeba pia koti la mama na soksi za miguu yake, usiziuze. Cherono anakusalimu, anasema akija Mbeya utamshonea kitenge cha mahafali yetu. Msalimie sana mama, na jogoo mwambie siku zake zinahesabika.

Jumapili nitapiga kama kawaida baada ya ibada. Usizime spika. Ongea ukiwa umekaa karibu na mama, nisikie anavyojibu.

Wako akupendaye,
mdogo wako asiye na kitu cha kuficha,

Bupe