Kipande cha Katikati

Tarehe 4 Machi

Moyo wa baba yako umepimwa, umeonekana wa kijana! Daktari amemwambia, "Mzee, endelea kula unachokula." Na anakula nini? Samaki! Na nani aliagiza samaki? Wewe!

Haya, hujambo mwanangu? Habari za kazi, na za hiyo baridi yenu? Huku wazima. Barua yako ya samaki mara mbili kwa wiki niliisoma kwa sauti pale kibandani, cherehani nimeisimamisha. Fundi viatu akauliza, "Mwanao daktari wa moyo?" Nikamjibu, "Sasa ulidhani wa kucha?" Mteja niliyekuwa nampima gauni alicheka mpaka pini zikamchoma.

Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa ni samaki. Baba yako nampa kipande cha katikati, kile kinono. Kaka zako, mikia. Mimi mchuzi wake unanitosha.

Niko salama. Uchovu tu, na taya linaniuma nikipanda ngazi na mzigo wa vitambaa. Nikikaa linatulia. Jino hilo.

Ni mimi mama yako,
Mama Daktari

Tarehe 15 Machi

Mama,

Shikamoo. Nakuuliza hali, ila safari hii usinijibu "niko salama."

Mimi ni muuguzi, mama. Muuguzi! Nimeshakwambia mpaka nimechoka. Na samaki nilikuagizia wewe. Hapa wodini kina mama wa umri wako wanaletwa wamechelewa, kila mmoja alijiambia ni uchovu, ni mgongo, ni jino. Moyo wa mwanamke hauumi kifuani tu. Taya linalouma ukipanda ngazi na kutulia ukikaa, mama, hilo si jino la kusubiri! Nenda hospitali leo. Si ukimaliza nguo ya mtu. Samaki ni wa kuulinda moyo, hatakutibu sasa. Na mchuzi si samaki!

Mwanao anayekupenda, aliyekasirika

Tarehe 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Kimya gani hiki? Simu yako imezimwa, ya baba haipokelewi. Kaka anasema, "Mama anapumzika." Tangu lini mama akapumzika? Niambieni ukweli.

Mwanao

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Usinigombeze, nimeshagombezwa na daktari mwenye koti lake. Hujambo lakini? Unakula?

Barua yako ilifika. Nikasema nimalize gauni la bibi harusi kwanza. Basi nikaishiwa pumzi katikati ya ngazi, jasho linanitoka, gauni mkononi. Fundi viatu ndiye aliyenishika na kuita gari. Gauni halikuchafuka hata kidogo, uliza yeyote.

Mshipa wa moyo umekuwa mwembamba. Nililazwa, nikapewa dawa, nikaambiwa nipunguze chumvi, sasa nimerudi nyumbani. Nilimwambia daktari samaki kwangu hawakosekani. Akauliza, "Anayewala nani?" Nikamwonyesha baba yako, daktari akamkazia macho. Maskini, na moyo wake wa kijana, alitazama viatu vyake mpaka tukatoka.

Lakini nilisema pale mbele ya wote: mwanangu ameuona ugonjwa huu kwa barua tu, hata kipimo hana! Daktari akasema, "Una mtoto hodari." Nikamwambia, "Najua." Sasa nakutaja muuguzi wa moyo, tena kwa sauti kubwa kuliko mwanzo.

Ijumaa baba yako kapika mwenyewe. Upande mmoja kaunguza. Akaniwekea kile cha katikati, nikamrudishia, akanirudishia, nikamrudishia. Kaka yako akasema, "Jamani, huyu samaki amechoka kusafiri!" Baba yako akaweka kijiko chini: "Mama nanihii, kula. Nisitazamwe tena vile hospitalini." Nikala. Kumbe ndiyo ladha yake! Miaka yote naisifu kwa watu, sijawahi kuionja.

Njoo likizo yako. Nimewaita shangazi zako na mama zako wadogo wote, hasa yule anayelalamika mgongo kila akifua. Utakaa mezani uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, hata ukifoka sawa. Kina baba watapika, na kipande cha katikati ni cha wanawake. Mchuzi wataelewana wenyewe.

Nakula wa kwanza, na wewe uwepo unione. Wote nimewaambia wasichelewe: Jumamosi tarehe tatu Mei, mchana.

Mama yako,
Mama Muuguzi